Urithi wa Maandiko ya Kiroho: Kwa Nini Kanisa Halina Mwalimu Mmoja Tu

Wakristo wa Korintho walipoanza kugawanyika, mmoja akijiita wa Paulo, mwingine wa Apolo na mwingine wa Kefa, Mtume Paulo hakuitumia nafasi hiyo kujiongezea wafuasi. Aliwauliza kama Kristo amegawanyika. Kisha aliwaonyesha kwamba wameugeuza ukweli juu chini: si wao walio mali ya Paulo, ya Apolo au ya Kefa, kwa maana walimu hao wote wamepewa wao, na wao ni wa Kristo, na Kristo ni wa Mungu (rej. 1Kor 1:12-13, 3:21-23).

Kishawishi cha Korintho hakijatoweka. Yupo mwamini aliyefundishwa kusali katika kikundi kimoja, akasoma vitabu vya mwandishi mmoja, au akazoea kumsikiliza mhubiri mmoja kwenye simu yake, hata akaamini kwamba njia aliyoonyeshwa ndiyo njia pekee ya kumwendea Mungu. Njia hiyo ikiendelea kumfaa, atawapima wengine wote kwa kipimo chake. Ikiacha kumfaa, na ipo siku huacha, atadhani kwamba Mungu amemwacha. Wapo walioiacha sala kabisa kwa sababu hiyo, na hakuna aliyewaambia kwamba hali iliyowapata ilikwisha kuelezwa karne nyingi zilizopita na mwalimu mwingine ambaye hawakuwahi kulisikia jina lake.

Makala hii inaueleza urithi wa maandiko ya kiroho ndani ya Kanisa Katoliki, asili yake, aina zake, na namna mwamini anavyoweza kuutumia bila kupotea.

Urithi huu ni upi?

Maandiko ya kiroho ni yale yanayofundisha sala, toba, fadhila, mapambano dhidi ya dhambi na muungano na Mungu, yakiandikwa na watu ambao kwanza waliyaishi. Hayalingani na Maandiko Matakatifu, ambayo ni Neno la Mungu, wala hayachukui nafasi ya Mamlaka Funzi ya Kanisa. Ni ushuhuda wa jinsi Neno hilohilo lilivyopokelewa na kuzaa matunda katika nyakati na mataifa mbalimbali. Katekisimu ya Kanisa Katoliki (Na. 2684) inafundisha kwamba shule mbalimbali za maisha ya kiroho ni viongozi wa lazima kwa waamini, na inazifananisha na miali mingi inayotoka katika mwanga mmoja wa Roho Mtakatifu.

Kati ya waandishi hao, Kanisa limewatambua baadhi kuwa Walimu wa Kanisa. Mambo matatu huangaliwa: utakatifu wa maisha, ubora wa mafundisho, na tamko rasmi la Kanisa. Mwaka 1298 Papa Bonifasi VIII aliwatangaza Ambrosi, Yeronimo, Augustino na Gregori Mkuu, wote wa Kanisa la Magharibi. Mtakatifu Ireneo alitangazwa mwaka 2022 kuwa wa 37, na Mtakatifu John Henry Newman mwaka 2025 akawa wa 38.

Orodha hiyo yenyewe ni fundisho. Humo yumo Efrem, shemasi wa Siria aliyefundisha imani kwa tenzi, na Gregori wa Narek, mmonaki wa Armenia. Yumo Tomaso wa Akwino, mwanazuoni wa vyuo vikuu, na yumo Teresia wa Mtoto Yesu, mtawa aliyefariki dunia mwaka 1897 akiwa na umri wa miaka 24. Wamo wanawake wanne: Teresa wa Avila na Katarina wa Siena waliotangazwa mwaka 1970, Teresia wa Mtoto Yesu mwaka 1997 na Hildegarda wa Bingen mwaka 2012. Nje ya orodha hiyo wapo wengine wenye uzito mkubwa, kama vile Benedikto, Yohane Kassiano na Inyasi wa Loyola. Kama Mungu angalitaka tufundishwe na sauti moja tu ya kibinadamu, asingeliinua sauti nyingi namna hii.

Kila mwalimu alikuwa mwanafunzi

Anayedhani kwamba kushikamana na mwalimu mmoja ni uaminifu zaidi na amwulize mwalimu huyo alifundishwa na nani.

Tuanzie Misri. Antoni Abate, aliyefariki dunia mwaka 356, hakuwa msomi. Athanasi, Askofu wa Aleksandria, aliandika maisha yake, na kitabu hicho kikavuka bahari hadi Ulaya. Mwaka 386, mjini Milano, Mwafrika mwingine, Augustino wa Tagaste katika nchi ambayo leo ni Algeria, alisimuliwa na mgeni jinsi maofisa wawili wa kaisari walivyokisoma kitabu hicho wakaacha yote. Siku hiyohiyo, akiwa bustanini na moyo uliovunjika, aliufungua waraka wa Mtakatifu Paulo na kuisalimisha nafsi yake kwa Mungu. Zaidi ya miaka kumi baadaye aliandika Maungamo.

Maungamo yalitafsiriwa kwa Kihispania mwaka 1554, yakamfikia Teresa, mtawa wa Karmeli mjini Avila, ambaye alijiona ndani ya kitabu hicho na kulia machozi mengi. Teresa alikuwa amekwisha kupata walimu wengine kabla ya hapo. Nyaraka za Mtakatifu Yeronimo zilimsaidia kuamua kuingia utawani. Gregori Mkuu, katika ufafanuzi wake wa kitabu cha Ayubu, alimfundisha uvumilivu katika ugonjwa. Mfransisko Francisco de Osuna alimfundisha kwa kitabu jinsi ya kuikusanya nafsi katika sala. Walioiongoza dhamiri yake walikuwa Wayesuiti, Wadominiko, na Mfransisko Petro wa Alkantara. Mwaka 1559, mamlaka ya Inkwizisyo nchini Hispania ilipopiga marufuku vitabu vingi vya kiroho vilivyokuwa katika lugha ya watu, Teresa alisikitika sana, naye Bwana alimfariji kwa kumwahidi kwamba Yeye mwenyewe atakuwa kitabu chake kilicho hai. Baadaye Teresa aliandika vitabu ambavyo leo vinawafundisha wengine.

Mwaka 1921 Edith Stein, mwanafalsafa wa Kiyahudi nchini Ujerumani aliyekuwa ameiacha imani ya utoto wake, aliyasoma maisha ya Teresa yaliyoandikwa kwa mkono wa Teresa mwenyewe. Alibatizwa tarehe 1 Januari 1922, akaingia Karmeli mwaka 1933, na akauawa Auschwitz mwaka 1942. Kutoka pango la Antoni hadi kambi ile ya mauti ni karne 16, na katika safari hiyo yote kitabu kimoja kilikuwa kikikabidhi mwenge kwa kingine.

Mtakatifu Inyasi naye alipita njia hiyo. Alipojeruhiwa vitani Pamplona mwaka 1521, aliomba riwaya za mashujaa wa farasi. Nyumbani kwao Loyola hazikupatikana. Alipewa Maisha ya Kristo, yaliyoandikwa na Mkartusi Ludolph wa Saxony, pamoja na mkusanyo wa maisha ya watakatifu wa Mdominiko Jacobus de Voragine. Shule ya kiroho ya Wayesuiti ina mizizi katika vitabu viwili ambavyo havikuandikwa na Wayesuiti.

Shule kuu na msaada wa kila moja

Mababa wa Jangwani, wa Misri, Palestina na Siria kuanzia karne ya 4, ni wataalamu wa mapambano ya ndani. Evagrio wa Ponto alieleza mawazo mabaya manane yanayoishambulia nafsi. Yohane Kassiano aliyapeleka mafundisho hayo Magharibi, na Gregori Mkuu akayapanga upya katika mfumo uliozaa orodha ya vilema vikuu saba tunavyovifahamu katika katekesi. Anayepigana na hasira, ulafi, majivuno au kuchoshwa na mambo ya Mungu atapata kwao tabibu anayeujua ugonjwa.

Mtakatifu Benedikto, katika Kanuni yake ya karne ya 6 yenye sura 73, anafundisha kiasi: sala, kazi, usomaji na mapumziko, kila kimoja kwa wakati wake. Kutoka katika monasteri ulikua usomaji wa Neno la Mungu kwa sala, yaani Lectio Divina. Katika karne ya 12 Mkartusi Guigo II aliufafanua kwa ngazi nne: kusoma, kutafakari, kusali na kutaamuli. Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo zinazosoma Injili kila juma zinaweza kujifunza mengi hapa.

Makanisa ya Mashariki yamehifadhi utajiri ambao wengi wetu hatujaugusa: tenzi za Efrem, Ngazi ya Yohane Climacus yenye vidato 30, na Sala ya Yesu, ambayo ni kuliita jina la Bwana kwa maneno machache yanayorudiwa kwa utulivu. Mkusanyo maarufu wa maandiko hayo, Filokalia, ulichapwa Venezia mwaka 1782. Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1964 juu ya umoja wa Wakristo, unawahimiza Wakatoliki kuuendea mara kwa mara utajiri huu wa Mababa wa Mashariki.

Mazoezi ya Kiroho ya Mtakatifu Inyasi, yaliyoidhinishwa na Papa Paulo III mwaka 1548, ni shule ya maamuzi. Yanamfaa hasa kijana anayetafuta wito wake, na mtu mzima anayetaka kuyapanga upya maisha yake mbele za Mungu.

Teresa wa Avila na Yohane wa Msalaba wanafundisha ukuaji wa sala yenyewe, pamoja na giza linaloandamana nao. Fransisko wa Sale, katika kitabu chake cha mwaka 1609 juu ya maisha ya ibada, aliandika kwa ajili ya walei. Anafundisha kwamba ibada ya kweli hupatana na wito wa kila mtu: askofu asijaribu kuishi kama mkaapweke, wala mwenye ndoa asijinyime mali kama Mkapuchini. Mama wa familia anayejilaumu kwa sababu hawezi kukaa kanisani saa nyingi kama watawa atatulizwa na mwalimu huyu.

Walimu wanapoonekana kupingana

Hapa ndipo msomaji wa mwalimu mmoja anapokwama. Inyasi anamtaka anayesali aitumie fikra yake: auone mji wa Betlehemu, asikie watu wanavyosema, ajiweke mwenyewe ndani ya tukio. Yohane wa Msalaba anafundisha kwamba huja wakati ambapo nafsi inapaswa kuziacha picha na hoja hizo, ikae mbele ya Mungu kwa kumwangalia tu kwa upendo. Nani tumsikilize?

Tuchukue mfano wa katekista ambaye kwa miaka mingi amesali kwa kutafakari mafumbo ya Rozari na Injili, akapata utamu mkubwa. Sasa hapati kitu. Maneno ni makavu, picha haziji, moyo haugusiki. Afanye nini?

Inyasi atamtaka kwanza ajichunguze. Anataja sababu tatu za ukiwa wa kiroho: huenda tumekuwa wazembe katika sala zetu, huenda Mungu anatujaribu tuone tunaweza kumtumikia kiasi gani bila malipo ya faraja, au anataka tutambue kwa hakika kwamba faraja ni zawadi yake na hatuwezi kujipatia wenyewe. Anatoa pia kanuni ambayo imewaokoa wengi: wakati wa ukiwa usibadili uamuzi mwema ulioufanya wakati wa faraja. Usiiache sala, usivunje ahadi, usiukimbie wito. Badala yake ongeza kidogo sala na uchunguzi wa dhamiri.

Yohane wa Msalaba, katika kitabu chake juu ya kupanda Mlima Karmeli, anatoa alama tatu za kutambua kwamba ukavu ni mwito wa kuingia katika sala ya taamuli. Ya kwanza, mtu hawezi tena kutafakari kwa fikra wala hapati ladha aliyoipata zamani. Ya pili, hana hamu ya kuielekeza fikra yake kwenye mambo mengine ya dunia. Ya tatu, anapenda kukaa peke yake mbele ya Mungu, akimwangalia kwa upendo na amani bila maneno mengi. Alama zote tatu zionekane pamoja. Alama ya kwanza ikiwa peke yake inaweza kutokana na uzembe. Mbili za kwanza bila ya tatu, Yohane anaonya, zinaweza kutokana na huzuni ya mwili na tabia. Leo tungesema kwamba mtu huyo anahitaji pia kumwona daktari, na si dhambi kufanya hivyo.

Katekista anayemjua Inyasi peke yake anaweza kujilaumu kwa uzembe asiokuwa nao, akaendelea kulazimisha fikra isiyoweza tena kumsaidia. Anayemjua Yohane peke yake anaweza kuuita uzembe wake usiku wa giza, akajiona amefika mbali ilhali amelala njiani. Akiwasikiliza wote wawili kwa msaada wa kiongozi wa kiroho, atajua ajichunguze wapi, na akae kimya wapi. Walimu hawa wanaitazama safari moja kutoka mahali tofauti, na kila mmoja anamlinda msomaji dhidi ya kumwelewa vibaya mwenzake.

Historia inaonyesha gharama ya kulishika fundisho moja na kulitenga na mengine. Mwaka 1675 padre wa Kihispania Miguel de Molinos alichapisha mjini Roma mwongozo wa kiroho juu ya utulivu wa nafsi mbele za Mungu, jambo ambalo lina mizizi katika mapokeo halali. Lakini katika mafundisho yake utulivu huo ulitenganishwa na bidii ya fadhila na mapambano dhidi ya vishawishi, mambo ambayo Mababa wa Jangwani na Teresa hawakuyaacha kamwe. Mwaka 1687 Papa Inosenti XI alizilaani kauli zake 68.

Ipo pia hatari ya upande wa pili. Mtu anaweza kuzunguka urithi huu kama mnunuzi sokoni, akigusa kila kitu bila kununua chochote: leo Sala ya Yesu, kesho novena mpya, keshokutwa mwandishi mwingine. Mshika mawili moja humponyoka, na mshika kumi hubaki mikono mitupu. Wingi wa walimu umekusudiwa kumkomaza mwanafunzi, naye hakomai bila kudumu.

Urithi uliotufikia kwa milango mingi

Sisi wa Afrika Mashariki tuliupokea urithi huu ukiwa tayari wa aina nyingi, ingawa mara nyingi kila eneo lilionja aina moja. Waliofika Bagamoyo mwaka 1868 walikuwa Mapadre wa Roho Mtakatifu. Wamisionari wa Afrika waliofika Uganda mwaka 1879 walikuwa wamelelewa kwa sehemu kubwa katika mazoezi ya Mtakatifu Inyasi. Wabenediktini walifika Dar es Salaam mwaka 1888, na baadaye wakajenga abasia za Peramiho na Ndanda. Wakonsolata walifika Kenya mwaka 1902, na Wakapuchini, wana wa Mtakatifu Fransisko, walifika Dar es Salaam mwaka 1921.

Hivyo mwamini wa Songea aliyelelewa kwa kengele ya wamonaki na mwamini wa ng'ambo ya Ziwa Viktoria walifundishwa imani ileile kwa lafudhi mbili za kiroho. Leo watu wamehama, na katika Jumuiya moja ya mjini wanakutana waliolelewa na mashirika manne au matano. Wakitofautiana juu ya namna bora ya kusali, wasishangae wala wasihukumiane. Kila mmoja amekuja na sehemu ya urithi, na mwenzake anaweza kuipokea.

Namna ya kuanza

Kwanza, Maandiko Matakatifu na Liturujia vitangulie. Mwandishi yeyote anayekupunguzia hamu ya Injili na Ekaristi Takatifu hakufai, hata kama anasifiwa na wengi.

Pili, anza na yale ambayo Kanisa lenyewe limekuchagulia. Katika Liturujia ya Vipindi, Kipindi cha Masomo huwa kila siku na somo kutoka Mababa wa Kanisa, watakatifu au hati za Kanisa. Ni maktaba ndogo iliyopangwa kwa hekima, na walei nao wanaalikwa kuitumia.

Tatu, soma kitabu kimoja kwa wakati, kurasa chache, taratibu, kwa sala. Kuwa na mwalimu mkuu unayemrudia ni jambo jema. Baada ya mwaka, mwongezee mmoja wa shule nyingine na wa karne nyingine.

Nne, angalia kama kitabu kina kibali cha Kanisa. Kuhusu njozi na mafunuo ya binafsi, kumbuka fundisho la Katekisimu (Na. 67): hata yale yaliyotambuliwa na Kanisa si sehemu ya amana ya imani, yanaweza kutusaidia kuiishi, lakini hayaongezi wala kukamilisha Ufunuo wa Kristo.

Tano, usitembee peke yako. Mshirikishe paroko, muungamishi au kiongozi wa kiroho mwenye busara. Teresa wa Avila aliteseka kwa miaka mingi mikononi mwa waungamishi wenye elimu haba, na kwa sababu hiyo alisisitiza kuwatafuta walio na elimu pamoja na uchaji.

Sita, pima kwa matunda. Je, usomaji wako unakufanya mvumilivu zaidi nyumbani, mwaminifu zaidi kazini, mwepesi zaidi wa kusamehe? Matunda ya Roho yaliyotajwa katika Waraka kwa Wagalatia (5:22-23) ndiyo mtihani ambao walimu wote wa kiroho, wa Mashariki na wa Magharibi, wanakubaliana juu yake.

Bwana wetu Yesu Kristo alisema kwamba Mwalimu wetu ni mmoja, na sisi sote tu ndugu (rej. Mt 23:8). Walimu waliotajwa hapa walilijua hilo kuliko sisi, na hakuna hata mmoja wao aliyetaka msomaji aishie kwake. Roho Mtakatifu, aliyewaangazia wao kuandika, atuangazie nasi tunaposoma.